Brashi Ifike Kabla ya Msumari

Hotuba iliyotolewa Goma mbele ya maseremala, wajenzi na wenye nyumba. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya waliokuwa kazini siku hiyo.

Wazee wangu, mama zangu, wandugu mafundi, jamboni nyote.

Nawashukuru mliofunga karakana mkaja. Kwa fundi anayelipwa kwa siku, asubuhi kama hii ni chakula cha watoto, kwa hiyo sitazunguka.

Utazameni mji wetu. Katoyi, Mabanga, Majengo, Ndosho, Bujovu: ni nyumba ngapi za mbao? Lava ya volkano yetu, Nyiragongo, ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji ikashuka hadi ziwani, na watu wakajenga upya juu ya mawe yale yale. Wengi walijenga kwa mbao. Mbao ni nyepesi, zinabomolewa na kuhamishwa, na hazidai msingi mrefu ndani ya jiwe lisilochimbika. Tarehe 22 Mei 2021 moto ulishuka tena hadi Buhene, pembezoni mwa mji, na waliorudi kwenye viwanja vyao walianza tena na mbao. Kwa hiyo tunapozungumzia ubao unaooza, tunazungumzia ukuta anaoegemea mama akimnyonyesha mtoto.

Sasa nawauliza, na mnijibu mioyoni mwenu kwa haki. Kwa nini nyumba inapakwa rangi kila mwisho wa mwaka, inang'aa, jirani wanaisifu, na bado baada ya miaka michache unaweka kidole chini ya ukuta kinazama? Rangi ilikuwepo. Pesa ilitoka. Maji yaliingilia wapi?

Nimefungua kuta nyingi katika kazi hii. Upande wa mbele rangi ni nzima, nyuma yake ubao umekuwa unga. Na kila mara mlango wa maji ni ule ule: ncha ya ubao, kiungo, upande wa chini, tundu la msumari. Yaani pale ambapo brashi haikufika, kwa sababu fundi wa rangi aliitwa baada ya fundi wa mbao kumaliza. Hilo ndilo lililonileta hapa leo. Brashi ifike kabla ya msumari.

Nianze na mlango, maana kila mtu hapa ana mlango. Nani hapa mlango wake wa nje unakataa kufunga mwezi wa kumi na moja? Naona mikono. Mvua zimekolea, mlango umevimba, baba anauvuta kwa mguu. Anaitwa fundi, fundi anapiga randa upande wa chini, mlango unafunga, wote wanashukuru. Mwezi wa saba unafika, kiangazi, mlango umekauka na kupungua, chini kuna nafasi ya panya kupita bila kuinama. Mvua ikirudi, unavimba tena. Na safari hii unavimba haraka zaidi, kwa sababu randa imeondoa hata ile rangi kidogo iliyokuwa pale.

Inueni mlango wa namna hiyo kwenye bawaba zake, muulaze, mtazame ukingo wa chini na ule wa juu. Mtakuta mbao tupu. Uso umepakwa mara tatu, ukingo haujapakwa hata mara moja. Mlango wa mama mmoja wa Himbi ulikuwa hivyo, na alikuwa ameshanunua kitasa kipya akidhani shida ni kitasa. Tuliuondoa wiki ya kiangazi, tukauacha ukauke chini ya paa, tukapaka ncha zote za miimo yake, juu na chini, tukirudia mpaka mbao zikaacha kunywa, ndipo tukaurudisha. Kazi yote ilitumia rangi isiyojaza kopo la nyanya. Mlango ule unafunga, mvua na jua.

Kwa nini ncha? Mti uliposimama msituni ulikuwa ukipandisha maji kutoka mizizini hadi majani. Ndani yake ni fungu la mirija, kama ile ambayo wazee wanavutia pombe ya kasiksi. Ukiukata, umefungua midomo ya mirija yote. Ubavu wa ubao unakunywa taratibu, ncha inakunywa mara kumi na zaidi. Kwa hiyo nguzo ya baraza iliyosimamishwa juu ya saruji ikiwa na ncha tupu itakunywa usiku na mchana, hata ukiupaka ubavu wake dhahabu.

Na maji yakishaingia, nini kinaozesha? Si maji yenyewe. Tazameni nguzo zilizosimikwa ziwani kule wanakofunga mitumbwi. Sehemu iliyo ndani ya maji siku zote hudumu. Sehemu iliyo juu kabisa, kavu, hudumu. Inayokatika kwanza ni pale kwenye mstari wa maji, panapolowa na kukauka, panapopata maji na hewa pamoja. Anayekula pale ni kuvu, na kuvu ni kiumbe hai: anataka unyevu, anataka hewa, anataka joto la wastani, na hayo yote Goma tunampa bure. Kitu kimoja tu tunaweza kumnyima, nacho ni unyevu. Ubao ukibaki chini ya asilimia 20 za unyevu, kuvu hawezi kuanza kazi. Ukipita hapo ukakaribia 30, ameshaketi mezani.

Kumbukeni asilimia hiyo 20, kwa sababu inatupeleka kwenye jambo la pili, ambalo kwangu ndilo linalotugharimu kuliko yote: tunapaka mbao mbichi.

Lori linashuka kutoka Masisi na mikaratusi iliyopasuliwa juzi. Maji bado yanatoka pale msumari unapoingia. Mwenye nyumba ana haraka, fundi ana haraka, na rangi imeshanunuliwa. Kuna jengo moja la kusalia, sitalitaja, walitaka limalizike kabla ya sikukuu. Mbao zilifika mbichi, zikagongomewa wiki hiyo hiyo, zikapakwa rangi ya mafuta nje na ndani. Sikukuu ilikuwa nzuri sana. Kabla msimu wa mvua haujaisha ukuta ulikuwa na malengelenge, na ukilitoboa lengelenge maji yanatiririka. Waumini walisema paa linavuja. Paa halikuvuja. Maji yale yalitoka ndani ya mbao zenyewe. Walikuwa wameyafungia ndani kwa rangi pande zote mbili, jua likapiga, maji yakatafuta njia ya kutoka, yakainua rangi.

Tena mbao zile zilikuwa zinapungua. Ubao wa mkaratusi wenye upana wa sentimita 20 unaweza kupoteza karibu sentimita nzima ukikauka. Haupungui urefu, unapungua upana. Ndiyo maana mkipita mtaani mwezi wa saba mnaona kwenye kuta za mbao mstari mweupe usio na rangi kati ya ubao na ubao. Ule ni ulimi wa ubao uliokuwa umefichwa chini ya mwenzake siku ya kupaka. Ubao ukapungua, ulimi ukatoka nje ukiwa uchi. Mvua ya kwanza ya mwezi wa tisa inaingilia pale. Kama ulimi ule ungepakwa chini, kabla ya kupanda ukutani, mstari ungekuwepo lakini usingekuwa mlango.

Mtaniuliza: tutajuaje kama ubao umekauka, hatuna kipimo? Mnacho. Mama wa sokoni ana mizani. Kata kipande katikati ya ubao, mbali na ncha, kipime. Kiweke juu ya jiko lenye joto dogo, kisiungue, kipime tena na tena mpaka uzito ukome kupungua. Kama kilikuwa gramu 600 kikaishia gramu 500, maji yalikuwa gramu 100 juu ya mbao kavu gramu 500, yaani asilimia 20. Hapo bado. Kwa kazi ya nje subirini ishuke kama 18 au chini yake. Na kama hata hilo ni zito, pimeni ubao mmoja mzima kila wiki: siku utakapokataa kupungua uzito, umefika pale hewa ya Goma inapoweza kuufikisha.

Kukausha ni chini ya paa, juu ya vijiti, hewa ipite kati ya ubao na ubao. Msizianike juani. Mkaratusi ukianikwa juani unapasuka ncha kwa siku chache, na ufa ule ni mfereji wa mvua kwa maisha yote ya nyumba. Hapa tena, brashi: siku ile ile mbao zinaposhuka kwenye lori, ncha zipakwe rangi nzito, hata ile iliyobaki ya kazi nyingine. Maji yatatoka taratibu kupitia ubavu, na ncha hazitapasuka.

Kuna sababu nyingine ya kuzificha jua. Kule Madison, Wisconsin, Marekani wana maabara ya mambo ya mbao tangu 1910, na kazi yao kubwa imekuwa kuweka mbao nje na kuzitazama. Walichokiona ni hiki: ubao mtupu ukipigwa na jua kwa wiki chache tu, uso wake umeshaharibika, hata kama jicho halioni. Jua linavunja gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti. Ukipaka rangi juu ya uso ule, rangi inashika nyuzi zilizofia pale, nazo hazishiki kitu. Baadaye rangi inabanduka na unyoya wa mbao nyuma yake. Ushauri wao ni kutopitisha wiki mbili. Sisi tuko karibu kabisa na Ikweta, mita 1,500 juu ya bahari, jua letu halina huruma. Ubao uliokwisha kuwa kijivu upigwe msasa mpaka rangi yake ya kweli irudi, ndipo upakwe.

Sasa nije kwenye kile mlichokuwa mnangojea, naona kwenye macho yenu: tupake nini?

Bwana mmoja alijenga baraza kwa libuyu. Mbao nzuri, nyekundu, zimetoka mbali. Akasema hataki rangi, anataka watu waone libuyu yake. Akapaka vanishi angavu. Nani asingempenda mtu huyo? Mbao zile zilikuwa za kuonekana. Lakini vanishi angavu inapitisha jua. Jua linapenya vanishi bila kuidhuru sana mwanzoni, linafika kwenye uso wa ubao na kuuvunja kutoka chini. Vanishi ikabaki imeshika vumbi. Ikaanza kubanduka kama magamba, mvua ikaingia chini ya magamba, na madoa meusi ya kuvu yakatokea mahali palipokuwa na libuyu nyekundu. Ili kurekebisha ilibidi kukwangua yote hadi mbao.

Wandugu, kinachozuia jua ni unga wa rangi ulio ndani ya rangi. Kadiri unga ulivyo mwingi, ndivyo uso wa ubao ulivyo salama. Rangi nzito ya kawaida inalinda kuliko zote, mradi ubao ni mkavu. Rangi ya mafuta inazuia maji vizuri ikiwa mpya, lakini inazidi kuwa ngumu miaka inavyopita, na ubao unaocheza chini yake unaipasua. Rangi nzuri ya maji ya nje, ile ya akriliki, inabaki na ulaini na inaruhusu mvuke kidogo kutoka. Ile rangi ya maji ya bei ya chini ya kupaka ndani ya chumba, msiitoe nje, haikutengenezewa mvua. Na anayetaka nyuzi za mti zionekane, atumie mafuta ya kitani yaliyochemshwa yenye unga wa rangi ndani, ya kahawia au nyekundu. Mafuta haya yanaingia ndani ya ubao, hayafanyi ngozi, kwa hiyo hayana cha kubanduka. Yanafifia. Kuyarudia hakuhitaji kukwangua, unasafisha na kupaka. Kwa bwana yule wa libuyu hilo ndilo tulilofanya, na baraza lake bado ni jekundu.

Kwa mafuta hayo, ubao usiopigwa randa ni bora. Mnashangaa? Uso mkwaruzo unakunywa mafuta mengi zaidi na kudumu zaidi. Kwa hiyo kwenye ukuta wa nje msipoteze jasho la randa. Randa iende kwenye madirisha na milango. Kote kote vunjeni kona kali kwa msasa, kwa sababu rangi inakimbia kona kali na kubaki nyembamba pale pale mvua inapogonga.

Na vidanje, yale mafuta machafu ya moteri? Najua. Najua karakana nyingi zina ndoo ya vidanje mlangoni. Ni ya bure au karibu na bure, ni nyeusi, inaonekana kama dawa. Naomba mnisikilize kwa makini hapa, kwa sababu jambo hili limepita mbao. Mafuta yaliyotoka kwenye moteri yamebeba chembe za vyuma na masizi ya kuungua, na humo mna vitu vinavyoleta saratani. Hayakauki kamwe. Mtoto anaegemea ukuta, yanahamia kwenye shati na ngozi. Mvua inayaosha, yanashuka kwenye mawe yetu yenye matundu, na chini ya mawe hayo maji yanaelekea ziwani tunakochota. Na siku mwenye nyumba atakapopata pesa ya rangi, haitashika juu yake. Karbolini nayo inaua kuvu kweli, lakini inatoka kwenye lami ya makaa ya mawe, nayo ina sumu ya namna hiyo hiyo. Isiingie ndani ya nyumba wala kwenye kitanda, kiti au zizi. Na vipande vya nguzo za umeme au mbao zozote zilizotiwa dawa, mama zangu, visipikie maharage. Moshi wake na majivu yake ni sumu.

Mafuta ya kitani yana hatari yake pia. Tambara lililofutia mafuta hayo, likikunjwa na kutupwa kona, linapata joto lenyewe hadi linawaka, bila kiberiti. Sisi tunaoishi kwenye nyumba za mbao zilizobanana tunajua moto wa nyumba moja unafika ya kumi. Litandazeni nje likauke, au lizamisheni kwenye ndoo ya maji.

Hakuna rangi kati ya hizi inayozuia mchwa, na hakuna inayoponya ubao ulioanza kuoza.

Niwapeleke mbali kidogo. Norwe, kaskazini ya Ulaya, nchi ya mvua na theluji, wana makanisa ya mbao tupu. Lile la Urnes lilijengwa karne ya 12, la Borgund mnamo mwaka 1180 hivi, na bado yamesimama. Urnes liliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1979. Karibu miaka mia tisa ya mvua! Wanayapaka lami ya msonobari, na wanarudia tena na tena, kizazi kwa kizazi. Lakini hilo ni nusu ya habari. Makanisa yaliyoyatangulia nguzo zao zilichimbiwa ardhini, na yakaoza yote. Haya yaliyobaki yalijengwa juu ya boriti zilizolazwa kwenye mawe, juu ya ardhi. Mawe kwanza, lami baadaye.

Sisi tuna mawe kuliko mtu yeyote! Hakuna sababu hata moja ya ubao wa Goma kugusa udongo. Inueni ukuta sentimita 20 hadi 30 juu ya ardhi, kwa sababu matone ya mvua yakigonga chini yanaruka hadi hapo. Lakini jiwe letu la volkano lina matundu, linavuta maji, kwa hiyo kati ya jiwe na ubao wekeni kipande cha manjanja, yaani bati, au shitingi ya plastiki iliyokunjwa mara mbili. Nguzo isikae ndani ya kikombe cha saruji, maana kikombe kinashika maji. Ikae juu ya saruji iliyoteremka pande zote. Na paa litoke nje vya kutosha. Hakuna kopo la rangi linaloshinda paa refu.

Misumari iwe ya kutiwa zinki. Mvua yetu inachukua moshi wa Nyiragongo na kuwa chachu, mnaona inavyokula manjanja. Msumari wa kawaida unashika kutu, kutu inapanua tundu, maji yanafuata. Vichwa vya misumari vizamishwe kidogo, vizibwe, vipakwe.

Halafu kuangalia. Kila mwisho wa kiangazi, mwezi wa nane, nyunyizia maji kidogo kwenye ukuta, upande unaopigwa na mvua. Yakijikusanya matone na kuteremka, ukuta bado una kinga. Yakizama na ubao kuwa mweusi, kinga imekwisha, paka kabla ya mvua za mwezi wa tisa. Msingoje mwezi wa kumi na mbili. Najua kila mtu anataka nyumba ing'ae Noeli, nami napenda Noeli, lakini mwezi wa kumi na mbili mbao zimeshiba maji, na rangi ya siku ile inayafungia ndani.

Mafundi, katika bei mnazoandikia wateja wekeni mstari wake wenyewe: kupaka ncha na migongo kabla ya kujenga. Mwonyesheni mteja ubao uliooza upande wa nyuma, ashike kwa mkono wake. Atalipa.

Kabla hatujatawanyika nina vipande vya mkaratusi hapa mezani, kila ubao umekatwa mara mbili. Kila karakana ichukue jozi moja. Kipande kimoja kipakeni pande zote pamoja na ncha, kingine kipakeni uso na mbavu tu kama tulivyozoea. Viwekeni juu ya manjanja, visifunikwe, mvua zote za msimu ujao. Tukikutana tena mvilete na msumeno, tuvipasue hapa mbele ya wote. Kopo la rangi liko kwa kijana pale mlangoni, na brashi ni mbili, kwa hiyo mpange foleni.